Mwaka wa Nne Hauna Mfadhili

Kamwene wasomaji wangu. Mwezi huu mfuko wa barua umejaa habari moja: fedha za masomo ya uzamivu, yaani PhD. Vyuo vinabadilisha taratibu, wafadhili wanafupisha muda, na vijana wetu wa nyanda hizi wanabaki na tasnifu nusu mkononi. Nilifanya kazi chuoni miaka 31, mingi kati ya hiyo nikisimamia wanafunzi wa shahada za juu, kwa hiyo jambo hili linanigusa sana. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana hata mimi ningeiandika zamani zile kama ningekuwa na wa kumwandikia.

Chuo kimebadili utaratibu nikiwa njiani

*Shikamoo mama. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mbeya, nina miaka 36, mume na watoto wawili. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu, natafiti mnyauko wa viazi mviringo kule Umalila. Nilipoanza, chuo kilinipa barua kwamba kitanilipia ada, posho ya kujikimu na fedha za utafiti "mpaka kukamilisha masomo". Mwezi uliopita tumeletewa waraka. Kuanzia sasa ufadhili wa mtumishi ni miezi 36 tu, fedha za utafiti zitatoka kwa awamu baada ya kamati kupitisha ripoti ya maendeleo, na atakayezidisha muda atajilipia mwenyewe. Miezi yangu 36 inaisha Novemba. Nimebakiza msimu mmoja wa shamba, vipimo vya maabara na sura tatu za kuandika. Mume wangu anasema tukope milioni tisa SACCOS nimalize. Dada yangu anasema niahirishe masomo mwaka mmoja hadi hali itulie. Mkuu wa idara nikimuuliza anajibu, "Waraka ni waraka." Silali, mama. Nifanyeje?*

*Mwenye Viazi, Soweto, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Pole. Mkuu wako wa idara kakujibu vibaya, nami nitajitahidi nikujibu vizuri.

Kabla ya habari za SACCOS, kaitafute ile barua ya kwanza. Usitafute kwenye simu, tafuta karatasi yenyewe, yenye muhuri na kumbukumbu namba. Maneno "mpaka kukamilisha masomo" ndiyo mali kubwa uliyo nayo leo, kuliko hata hizo milioni tisa. Chuo kilipokuandikia hivyo, nawe ukasaini mkataba wa mafunzo na kuahidi kurudi kukitumikia miaka kadhaa, pale palikuwa na pande mbili na kila upande uliahidi kitu. Je, waraka uliokuja baadaye unawahusu wanaoanza tu, au unawagusa na ninyi mliokwisha kuahidiwa? Sisemi utashinda. Nasema swali hilo, kwa jinsi ulivyoniandikia, halijaulizwa na mtu yeyote kwa maandishi. Kumuuliza mkuu wa idara kwenye korido si kuuliza.

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa kurugenzi ya masomo ya uzamili, nakala kwa ofisi ya utumishi na kwa msimamizi wako. Usilalamike humo ndani, wala usieleze habari za watoto. Ambatisha nakala ya barua ya ufadhili na ya mkataba, kisha uliza mambo matatu. La kwanza ni hilo la waraka kuwagusa waliomo. La pili ni miezi 36 inahesabiwa tangu lini: tangu siku uliposajiliwa, tangu andiko lako la utafiti lilipopitishwa, au tangu fedha za kwanza zilipoingia kwenye akaunti yako? Hapa usicheze. Nimeona wanafunzi wengi waliosajiliwa Novemba na kupata fedha ya kwanza ya utafiti Julai mwaka uliofuata. Miezi minane imepita mtu ananoa penseli, na miezi hiyo imo kwenye hesabu ya mfadhili. Kama lilikupata hilo, chukua taarifa za benki zinazoonyesha tarehe na uzibandike nyuma ya barua. La tatu nitalisema baada ya kukusimulia kisa changu, kwa sababu ndilo lililonigharimu.

Mimi ni mzaliwa wa Mufindi. Mwaka 1997 nilikuwa mwaka wa nne wa uzamivu. Mfadhili wangu, ambaye simtaji, alibadili mpango wake na kuleta barua yenye aya mbili. Aya ya kwanza ilinipongeza kwa maendeleo. Aya ya pili ilisema posho inakoma mwisho wa mwezi uleule. Nilikuwa nimebakiza sura mbili na uchapaji, na enzi zile tasnifu ilichapwa na kujalidiwa kwa fedha taslimu, nakala kwa nakala. Sikumwambia msimamizi. Niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nikapanda basi nikaenda nyumbani.

Baba hakuniuliza maswali. Asubuhi alichukua panga na mkebe wa chokaa, akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwenye mipaini aliyoipanda nikiwa sekondari, na ukungu ulikuwa haujainuka, nikimwona mgongo tu na kusikia nyasi zenye umande zikigonga buti zake. Kila mti alioupenda aliubandua ganda kidogo kwa panga, akapaka chokaa. Nilihesabu naye kimoyomoyo. Ilifika arobaini na mbili. Kwenye mti wa mwisho alisimama kidogo, akauweka mkono wake pale alipopaka, kisha akasema, "Hii nilikuwa nimeiweka ya uzee. Basi, uzee utasubiri." Wiki iliyofuata wapasuaji wa mbao walifika. Nilimaliza kuandika kwa fedha ile, na kwenye ukurasa wa shukrani niliiandika misitu ya baba kabla ya jina la profesa.

Miaka miwili baadaye, nikiwa mtumishi wa ofisi ya shahada za juu, nilikuta faili lenye barua tatu za wenzangu wa mwaka uleule. Wao waliandika ukurasa mmoja mmoja wakiomba fedha za kukamilishia, wakaeleza wamebakiza nini na watamaliza lini, na wote watatu walipewa posho ya miezi sita. Fungu lilikuwapo. Halikutangazwa popote, lakini lilikuwapo, na mimi sikupata kwa sababu sikuandika. Nililia kwenye ile ofisi, mwanangu, na mwenzangu wa meza ya pili alidhani nimepata msiba.

Kwa hiyo la tatu kwenye barua yako ni hili: uliza kama kuna fedha za kukamilishia masomo, na kama zipo, taratibu za kuziomba ni zipi. Ambatisha ratiba ya miezi iliyobaki. Ofisi inayotazama maombi ya namna hiyo hutafuta kitu kimoja tu: huyu anamaliza kweli, au anaongezewa kamba? Ratiba yenye tarehe, iliyosainiwa na msimamizi, ndiyo jibu.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini vyuo vinafanya hivi, ili usije ukadhani wamekulenga wewe. Fedha nyingi za kusomesha wahadhiri wetu haziko kwenye mfuko wa kudumu wa chuo. Ni fedha za mradi, na mradi una tarehe ya kufungwa. Chukua mfano unaojulikana, mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021. Humo kuna majengo na maabara, na pia kusomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu. Vyuo vya MUST hapa Mbeya na Mkwawa kule Iringa vimo. Sisemi fedha yako inatoka huko. Nataka uone tu kwamba mradi wa miaka mitano ukimpeleka mtu shule mwaka wa pili au wa tatu wa mradi, hesabu inabana, na mtu wa fedha atapenda kuandika "miezi 36" kuliko kuandika "mpaka kukamilisha".

Tatizo ni kwamba miaka mitatu inayoandikwa kwenye miongozo ni hesabu ya mtu asiyengoja kibali, mvua wala kemikali za maabara. Wewe umetembea na barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa mkurugenzi wa halmashauri, kutoka hapo kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila meza ina siku ambayo mhusika yuko semina. Halafu fedha yako inaisha Novemba, mwezi ambao mvua zetu zinaanza! Yaani udongo ukilowa tu, posho inakauka. Andika hilo kwenye barua. Mtu wa makao makuu anaweza kuwa hajui kwamba huku kwetu msimu mkuu wa mvua ni mmoja tu, Novemba hadi Aprili, na ukikosa kupanda kwa wakati umekosa mwaka mzima wa takwimu.

Kuhusu kuahirisha: usiahirishe kabla hujajibiwa. Dada yako ana nia njema, lakini kuahirisha kunasimamisha saa ya chuo, na si lazima kusimamishe saa ya mfadhili. Unaweza kurudi baada ya mwaka ukakuta usajili wako upo na ufadhili umekwisha kabisa. Tena wewe una mashamba ya majaribio. Ukiyaacha mwaka mmoja, mwenye shamba atapanda chake, na ugonjwa ule wa mnyauko unakaa kwenye udongo. Takwimu zako za msimu wa nne hazitalingana tena na za misimu iliyopita. Ahirisha kwa sababu ya ugonjwa au uzazi, na hapo upate barua inayosema wazi kwamba muda wa ufadhili nao umesimama.

Sasa mkopo. Mumeo ana moyo, mshukuru kwa niaba yangu. Lakini tuweke hesabu mezani. Tuseme mshahara wako wa msingi ni milioni mbili. Kama ulisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, 15% inakwenda huko, yaani 300,000. Pensheni 5%, ni 100,000. Bima ya afya 3%, ni 60,000. Kodi inakaribia 400,000. Umebaki na kama 1,140,000. Milioni tisa kwa miezi 36 ni 250,000 kila mwezi kabla ya riba. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki mfukoni mwako, kwa hiyo mhasibu atakupitishia. Lakini mhasibu halei watoto wako. Riba ikiingia, unabaki na laki nane na ushei za kodi ya nyumba, shule, mkaa na nauli, kwa miaka mitatu, na tasnifu itakuwa imekwisha zamani.

Chukua karatasi, ugawanye mambo yaliyobaki katika mafungu. Kuandika sura tatu hakuhitaji mkopo, kunahitaji saa zako. Omba upunguziwe vipindi muhula mmoja, na hilo nalo liombe kwa maandishi. Vipimo vya maabara, kabla hujalipia hata kimoja, nenda Uyole. Pale TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wanafanya utafiti wa viazi mviringo kwa ajili ya nyanda hizi zetu. Beba muhtasari wa utafiti wako wa kurasa mbili, ulizia kama wanaweza kushirikiana nawe kwenye vipimo, na wewe uwape nini: sampuli, takwimu, jina lao kwenye makala. Wataalamu wengi hupenda kuombwa kwa heshima na mtu aliyejiandaa. Kinachobaki baada ya hapo ni msimu wa shamba: mbegu, vibarua, usafiri wa kupanda Umalila na kushuka. Hicho ndicho cha kukopea, kama italazimu, na sidhani kitafika hata theluthi ya milioni tisa.

Halafu muone msimamizi wako wiki hii. Mwambie wazi, "Fedha yangu inaisha Novemba." Usiseme "mambo ni magumu kidogo". Muulize kama ule msimu wa mwisho ni wa lazima ili utetee tasnifu, au ni mzuri tu kuwa nao. Nimeshuhudia wasimamizi wakifikiri dakika tano na kusema, "Kwa kweli misimu mitatu inatosha kwa tasnifu, huo wa nne uwe makala baadaye." Inawezekana wako asiseme hivyo. Lakini hakuna mtu mwingine hapa duniani mwenye uwezo wa kukupunguzia mwaka kwa sentensi moja.

Jibu la chuo likifika, niandikie. Likicheleweshwa zaidi ya siku 21, peleka barua ya kukumbusha, yenye kumbukumbu namba ya ile ya kwanza, igongwe muhuri wa mapokezi mbele yako.

Amerika wamefunga mlango?

*Shikamoo mama mkubwa. Nina shahada ya uzamili ya isimu, naishi Makambako, nafundisha sekondari ya binafsi. Nilikuwa nawasiliana na profesa mmoja Marekani kuhusu kusoma uzamivu kwa ufadhili kamili. Mwezi uliopita kaniandikia kwamba idara yao haitapokea mwanafunzi hata mmoja mwaka ujao. Je, ni mimi nimekosea, au kuna jambo? Na sasa nielekee wapi?*

*Kijana wa Makambako*

Marahaba mwanangu. Wewe hujakosea kitu.

Kule Marekani mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida hasomi kwa mkopo. Chuo kinamsamehe ada na kumlipa posho, mara nyingi kwa miaka mitano, naye anafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au anafanya kazi kwenye utafiti wa profesa. Sasa wanafunzi wale wamekuwa wakidai posho inayotosha kuishi, na kwa haki kabisa. Chuo Kikuu cha Boston waligoma mwaka 2024, kuanzia Machi hadi Oktoba, wakapata mkataba wenye posho isiyopungua dola 45,000 kwa mwaka. Novemba mwaka huohuo chuo kikatangaza kusimamisha udahili wa uzamivu katika programu kama kumi na mbili za sanaa na sayansi za jamii. Chuo Kikuu cha Chicago chenyewe kilitangaza Oktoba 2019 kwamba wanafunzi wa fani kadhaa, za sanaa na sayansi za jamii zikiwamo, watalipwa mpaka wamalize, badala ya miaka mitano, lakini idadi yao itakuwa na kikomo. Mwaka 2025 idara zake nyingi za sanaa na lugha zikasema hazitapokea wapya kwa mwaka 2026/27. Ongeza hapo misukosuko ya fedha za utafiti za serikali yao mwaka 2025, ambapo shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts ilifika mahali pa kuwaandikia waombaji waliokwisha kukubaliwa kwamba nafasi zimefutwa.

Unaona mwenendo? Aliyeko ndani anaongezewa, na aliye mlangoni anaambiwa asubiri. Naunga mkono kumlipa mwanafunzi vizuri. Nimeona njaa inavyoharibu utafiti. Lakini inaniuma kwamba anayelipia mabadiliko hayo ni kijana wa Makambako ambaye hakuwapo kwenye kikao chochote.

Usifute Marekani kwenye orodha yako, ila usiiweke peke yake. Ukipata barua kutoka kule, soma kama posho ni ya miezi 9 au 12, maana kiangazi cha miezi mitatu bila posho kimewatoa machozi wengi. Soma kama bima ya afya imo. Kisha tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tano au wa sita wa idara ileile, umuulize yeye analipwa na nani leo. Mkurugenzi wa programu atakuambia habari za mwaka wa kwanza. Wa mwaka wa sita ndiye anayejua.

Kwa mtu wa isimu anayekijua Kiswahili kama wewe, kuna mlango mdogo ambao vijana wanaupita bila kuuona: mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha, unaowapeleka walimu vijana kufundisha lugha zao kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Hautoi uzamivu, lakini unakukutanisha ana kwa ana na watu wa idara. Uingereza nako, posho ya chini ya wanafunzi wanaofadhiliwa na mfuko wa utafiti wa serikali, UKRI, ni pauni 20,780 kwa mwaka 2025/26, na tangu 2021 wageni wanaruhusiwa kuomba, ila wasizidi 30% ya nafasi. Muulize mtu wa udahili nani anafidia tofauti ya ada ya mgeni na ya mwenyeji, kwa sababu mfuko wenyewe haufidii. China serikali yao inatoa yuani 3,500 kwa mwezi kwa uzamivu, na bweni juu yake. Sweden mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, mwenye mshahara na likizo ya uzazi, ndiyo maana nafasi zao zinatangazwa kama ajira. Na nyumbani kuna TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia uandike andiko lako kwa Kiswahili safi kwanza, uwapelekee TATAKI, halafu ulipeleke hilohilo kwa Kiingereza ng'ambo.

Niuze shamba?

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu mstaafu, Tukuyu. Binti yangu hana ajira, amesajiliwa uzamivu chuo cha hapa nchini na kalipa ada ya mwaka wa kwanza kwa akiba yake. Mwaka huu chuo kimefuta punguzo la ada walilokuwa wakiwapa wanafunzi wanaosaidia kufundisha. Nina ekari moja na nusu ya parachichi na chai. Mnunuzi yupo. Je, niuze? Au Bodi ya Mikopo inamhusu?*

*Mstaafu, Tukuyu*

Nzuri kaka, ndaga kwa barua. Usiuze ardhi. Baba yangu aliuza miti, na ardhi ilibaki. Mwaka uliofuata tulipanda tena mahali palepale, na wajukuu wake wamevuna. Parachichi zako zinazaa kila mwaka. Mkataba wa kumuuzia mnunuzi matunda ya msimu ni jambo jingine kabisa na kumkabidhi hati.

Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, wengi wanaijua kwa shahada ya kwanza, lakini imekuwa ikitoa mwongozo kwa uzamili na uzamivu pia. Binti asome mwongozo wa mwaka huu, sehemu ya sifa za mwombaji, mstari kwa mstari, kabla hajalipia maombi. Na ajue kwamba ni mkopo: akiajiriwa watakata 15% ya mshahara wa msingi. Afadhali sasa, maana ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikiongezeka kila mwaka iliondolewa mwaka 2021. Kama ana deni la shahada ya kwanza, ajumlishe yote mawili kabla hajasaini.

Habari ya punguzo lililofutwa inanisikitisha. Mwanafunzi anasahihisha mitihani mia mbili, halafu anaambiwa punguzo limekwenda. Aulize kwa maandishi kama kazi ya kufundisha nayo imefutwa. Kama bado wanamhitaji darasani, basi alipwe kwa saa kama mwalimu wa muda, kwa mkataba. Na kama yumo kwenye sayansi, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, limekuwa na ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa nchi kama yetu wanaokwenda kusoma nchi nyingine inayoendelea. Afuatilie matangazo yao.

Hukuniambia anasoma nini, kaka, wala ada ni kiasi gani. Nitumie hayo mawili, pamoja na nakala ya tangazo la kufuta punguzo, lenye tarehe. Mnunuzi mwambie arudi baada ya mavuno.